Ukiota Sana Kupungua, Hupungui

Januari kumbi za mazoezi hufurika, Machi zimebaki na wenyewe. Tumezoea kulaumu uvivu, lakini wanasaikolojia wana maelezo mengine, na mimi nayaona yana uzito zaidi.

Mwaka 1991 Gabriele Oettingen na Thomas Wadden walichapisha utafiti juu ya wanawake 25 wanene waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito. Walioamini wataweza walipungua zaidi, hilo halishangazi. Ila waliojiona kichwani wamekwisha kukonda na wanasifiwa, walipungua kilo 11 hivi pungufu ya wale waliojiona wakihangaika mbele ya vyakula. Baadaye Oettingen na Heather Kappes walipima watu walioambiwa waote mazuri matupu. Presha yao ilishuka: mwili ulitulia kama wa mtu aliyemaliza kazi.

Kwa hiyo lengo liandike, jionyeshe faida yake, kisha jiulize kwa ukali: ndani yangu mimi, kinachonizuia ni nini? Jibu la kwanza huwa la uongo. Tuseme daktari amekwambia utembee nusu saa kila siku kwa sababu ya presha. Utaandika, "Sina muda." Endelea kuandika. Chora hata njia yako ya jioni, kutoka kituo cha daladala mpaka kwenye kochi. Hapo utaona mambo yanapoharibikia: mlangoni, unapovua viatu. Vikishavuliwa, kwisha habari, taarifa ya habari imekupata.

Sasa mpango unajiandika wenyewe: "Nikishuka kwenye daladala, nazunguka mpaka sokoni kabla sijafika nyumbani." Peter Gollwitzer, mume wa Oettingen, amechunguza sentensi za namna hii kwa miaka mingi. Katika jaribio lililochapishwa 1997, wanafunzi waliombwa waandike jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, tena sikukuu zikiwa bado zinaendelea. Waliotaja mapema saa na mahali pa kuandikia, karibu robo tatu waliandika. Wengine, theluthi tu.

Mazoea hayaji haraka. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha tabia mpya, na makadirio ya siku za kuzoea yalitofautiana kutoka 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Na kama kizuizi ulichokichora ni goti bovu, usilitungie sentensi. Rudi kwa daktari, mpange lengo jingine.