Tabibu wako akihamishwa: mwenye presha au kisukari aanzie wapi?

Tabibu wa zahanati akihamishwa, kijiji kizima kinajua siku hiyohiyo. Wengi wanasikitika kidogo kisha wanaendelea na shamba. Anayebaki na mzigo ni mgonjwa wa presha, kisukari, kifafa au pumu, kwa sababu yule tabibu alijua dawa ipi ilimvimbisha miguu, ipi ilimkataa, na kwa nini dozi ilipunguzwa mwaka jana. Mara nyingi habari hizo hazikuandikwa popote. Zilikuwa kichwani mwake, na zimepanda basi pamoja naye.

Huku kwetu Chemba mtu hachagui daktari kama anayechagua kitenge mnadani. Unaanza zahanati ya kijiji, unapanda kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya. Ikishindikana huko ndipo unakwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Dodoma mjini, na kwa mabingwa kuna Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015. Kwa hiyo kazi yako ni kumpata mtu wa karibu atakayekupima kila mwezi, akujue, na akupe rufaa mapema. Ukiruka ngazi bila karatasi ya rufaa, kadi ya bima ya afya inaweza isikusaidie, na nauli umeshailipa.

Dawa zisikatike. Hilo tunalisisitiza kuliko yote. Presha haipigi hodi. Mtu anajiona mzima, anaacha vidonge, kisha anaanguka kwa kiharusi. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafla anaweza kupata kifafa mfululizo kisichokoma. Anayetumia insulini akiikosa, siku chache tu zinatosha kumweka hatarini. Usisubiri kidonge cha mwisho. Nenda kwa tabibu mpya ukiwa bado na dawa za wiki mbili.

Nenda na daftari lako la matibabu na pakiti tupu za dawa. Wengi wetu tunasema, "Natumia kile kidonge cheupe," lakini dirishani kwenye dawa vidonge vyeupe ni vingi mno. Pakiti ina jina na nguvu ya dawa. Kama hujui kusoma, mpe kijana wa nyumbani aandike: ugonjwa ulianza lini, dawa zipi ziliwahi kukudhuru, vipimo vya mwisho vilisomaje. Na kama tabibu wa zamani bado hajaondoka, mwombe aandike muhtasari wa ukurasa mmoja. Ni haki yako kuomba.

Hapa wenye VVU wametangulia wengine. Wana kadi ya CTC yenye namba, na wakihama kituo wanapewa fomu ya uhamisho, hivyo kule waendako hawaanzi sifuri. Tunaona mgonjwa wa presha naye angestahili utaratibu kama huo, badala ya daftari la shule linalonyeshewa na mvua.

Siku ya kwanza usiende kumjaribu tabibu mpya kuona kama anajua. Mwambie yote, hata zile dawa za mitishamba unazochemsha nyumbani, maana nyingine zinagongana na vidonge. Kaa utulie dakika tano kabla ya kupimwa presha. Aliyetembea kilomita sita juani hawezi kupata namba ya kweli akifika tu na kuvikwa kipimo. Akibadilisha dawa, muulize kwa nini, na uulize urudi lini. Usione haya kwa kuwa ni kijana. Akiwa afisa tabibu au muuguzi, wazee watamwita daktari vilevile, na kwa kukupima na kufuatilia dawa zako za kila mwezi anatosha.

Kwa mtoto au kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au kisukari cha kuhitaji insulini, ulizia rufaa ya Kondoa. Hospitali ya pale, pamoja na ya Karatu, ni za mwanzo nchini kupata kliniki ya mpango wa PEN-Plus, unaoshughulikia magonjwa hayo hasa.

Na masika yakikaribia, mwombe tabibu akuandikie dawa za zaidi ya mwezi mmoja kama zipo. Korongo likijaa, hata zahanati ya kijiji cha jirani haifikiki.