Mteja analalamika pampu inasaga kokoto? Usikimbilie kumrudishia hela

Muulize kwanza: toka pampu ilipo hadi maji ni mita ngapi? Pampu ya kawaida ya juu, hata iwe na nguvu vipi, haivuti zaidi ya mita 10 hivi. Kiuhalisia hesabu 7, na sehemu za miinuko kama Mbeya au Njombe hesabu pungufu. Ikizidiwa, maji yanatoa mapovu ya mvuke, yanapasukia kwenye feni ya ndani na kuimega kidogo kidogo. Ndiyo ile kelele. Mpira wa kuvutia uwe mfupi, usiwe mwembamba kuliko mdomo wa pampu. Akitaka kupunguza maji, abane koki ya kutolea, siyo ya kuvutia. Kisima kirefu? Muuzie ya kuzamisha, hata kama bei itamshtua. Na swali la mita liulize kabla hujafunga mzigo.