Si kila mtoto aliye peke yake ni yatima

Juma lililopita nilipata barua ya msikilizaji wa Biharamulo. Anauliza kwa nini watoto wakimbizi wanaofika peke yao wasipelekwe moja kwa moja katika vituo vya yatima, wapate malezi, na mambo yakaishia hapo. Swali lake ni la huruma. Lakini neno hilo "yatima", likiandikwa mapema mno katika daftari, linaweza kumpotezea mtoto wazazi wake kwa mara ya pili.

Hebu turudi Ngara. Tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walianza kumiminika nchini kutoka Rwanda kupitia daraja la Rusumo, wengi wao katika muda wa siku moja tu. Katika msongamano ule, mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni angeweza kushika mikono ya wangapi wengine? Mtoto akiachia upindo wa kitenge, basi. Julai mwaka huo huo, huko Goma, katika Zaire ya wakati ule, kipindupindu kiliwakumba wakimbizi. Mama alichukuliwa kupelekwa kwenye hema la wagonjwa, mtoto akabaki nje, na mpita njia akamwona ni mtoto asiye na mtu.

Likazuka na jambo jingine. Wapo wazazi waliowaacha watoto wao kwa makusudi karibu na vituo, kwa kuwa humo kulikuwa na uji na dawa, na katika mahema yao hakukuwa na kitu. Mimi sithubutu kuwalaumu. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba msaada uifuate familia, ikiwa ni pamoja na ile iliyokubali kumlea mtoto wa mwenzao, badala ya kujaza vituo.

Sasa, mzazi hutafutwaje? Wengi wetu hudhani jina la ukoo linatosha. La hasha. Kwa desturi ya Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Na mtoto wa miaka minne, ukimuuliza mama yake anaitwa nani, atakujibu, "Mama." Kwa hiyo watu wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya Umoja wa Mataifa walilazimika kuuliza mengine: kilima mlichokaa, kanisa mlilosali, jina la utani, mdogo wako anaitwaje. Walipiga picha za watoto na kuzibandika kambini ili wazazi wapite wakizitazama. Na mtu akijitokeza kusema, "Huyu ni wangu," huulizwa peke yake, mtoto naye peke yake, kisha majibu hulinganishwa, maana wapo wanaotafuta mtumishi wa bure.

Kwa sisi watu wa redio, mwaka ule una aibu na fahari yake. Kituo cha RTLM cha Kigali kilitangaza majina ya watu ili wauawe. Mwaka huo huo BBC ilianzisha kipindi kwa lugha za Kinyarwanda na Kirundi, nacho kikasoma majina ya waliopotezana ili wapatane. Chombo ni kile kile, na kazi ni ile ile ya kusoma majina.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unasema katika kifungu cha 22 kwamba mtoto mkimbizi asaidiwe kutafutiwa wazazi au jamaa zake.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Biharamulo, mtoto wa namna hiyo akifika mlangoni kwako, mpe chakula, kisha utoe taarifa kwa viongozi wa kijiji au ofisi ya ustawi wa jamii. Andika siku aliyofika, mahali alipopatikana na aliyekuwa naye. Jina lake liandike kama anavyolitamka, usilisahihishe. Nguo alizokuja nazo, hata kama ni matambara, zifue uziweke. Mtoto hukua na sura hubadilika, lakini mama anakijua kiraka alichokishona mwenyewe.