Vijana wa Uzaramo kati ya Msikiti, Kanisa na Mkole

Anayedai kwamba vijana wa Pwani wameitupa dini hajapita Maili Moja, Kibaha, Ijumaa saa saba mchana. Vijiwe vya bodaboda hupungua watu na kanzu huvaliwa juu ya jinzi. Jumapili zamu huwa ya kwaya. Kilichobadilika ni mwalimu: kijana wa leo hamsikilizi tena mmoja.

Wazaramo, wenyeji wa Kibaha na Kisarawe, wengi wao ni Waislamu. Uislamu ulipanda bara kutoka miji ya pwani, hasa Bagamoyo, ambako Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliieneza tarika ya Kadiria. Ukristo nao ulipata kituo Maneromango, Kisarawe, kupitia Walutheri wa misheni ya Berlin, mwishoni mwa karne ya 19. Dini zote mbili zilikuta mila imeshaketi: safari za kuuomba mzimu wa Kolelo mvua katika milima ya Uluguru, matambiko ya ukoo, jando na kumweka mwali ndani. Wazee wengi hawakuona tabu kusoma maulidi wiki hii na kutambika wiki ijayo.

Mwali ndiye kipimo kizuri cha mabadiliko. Zamani, binti akishavunja ungo, alikaa ndani miezi mingi, pengine hata zaidi ya mwaka, akifundwa. Alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto wake. Alipelekwa kwenye mti wa mkole, na siku ya kutolewa ngoma ililia kijiji kizima. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliyakuta haya yakiendelea katika familia za Kiislamu bila ugomvi.

Shule ndiyo iliyoupunguza muda huo. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kufungiwa ndani mwaka mzima, kwa hiyo familia zinazoendelea na mila hiyo huisogeza kwenye likizo na kuifupisha. Kisarawe jambo la elimu lilipewa uzito wa pekee mwaka 2019, wakati Mkuu wa Wilaya, Jokate Mwegelo, alipoendesha kampeni ya Tokomeza Zero ili kuinua ufaulu.

Shuleni huko huko kijana hukutana na dini kwa sura nyingine. Shule ya Sekondari Minaki, Kisarawe, iliasisiwa na Waanglikana. Shule ya Sekondari Kibaha ni tunda la mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, na hupokea wavulana kutoka kila pembe ya nchi. Katika shule za serikali kuna kipindi cha dini, na wanafunzi wana jumuiya zao: TAMSYA kwa Waislamu, TYCS kwa Wakatoliki, UKWATA kwa Waprotestanti, CASFETA kwa Wapentekoste. Huongozwa na vijana wenyewe. Mtoto aliyezoea kumwitikia ustaadh wa madrasa hujikuta akiongoza swala au kuhubiri mbele ya wenzake.

Wakirudi nyumbani, mabishano huanza. Kijana aliyesikiliza mawaidha kwenye simu humwambia babu kwamba maulidi ni bidaa. Mwenzake aliyeokoka hukataa kula nyama ya tambiko. Wapo pia wasiobishana: huswali, husali, na ukoo ukiitana kijijini hupanda basi na kwenda, kwa kuwa kutokwenda ni kujitenga na ndugu.

Wazee wasiwajibu vijana hawa kwa kuwakemea. Makungwi wapange mafunzo yasiyogusa masomo, na masheikh na wachungaji wakae na vijana wayajibu maswali wanayoyapeleka kwenye simu. Kijana anayeuliza bado yumo ndani ya nyumba. Asiachwe atafute majibu peke yake.