Mtandao wa hospitali: tuzuie nini, tuache nini?



Sake ni njia panda. Barabara moja inapanda Masisi, nyingine inaelekea Minova, nyingine Goma. Vita ikija barabara hufungwa, na mtandao nao huweza kupotea. Tunakumbuka pia intaneti ilivyokatwa nchini kote toka 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, mpaka 19 Januari 2019. Kufuli la namna hiyo si sisi tunaolishika.

Lakini kuna kufuli lingine tunalofunga wenyewe. Kamati ya hospitali ya Kanisa haipendi mtandao utumike kwa picha chafu, filamu na michezo. Nia hiyo ni njema, kwa maana mtandao unalipwa kwa pesa ya wagonjwa na sadaka ya waumini. Shida iko katika namna ya kuzuia.

Chujio linalofunga kila ukurasa wenye maneno ya mwili na ngono linafunga pia mafundisho juu ya uzazi, saratani ya matiti na matunzo ya mtu aliyebakwa. Huyo anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI kabla saa 72 hazijapita. Katika Masisi na Walikale tunawajua dada zetu waliopatwa na hayo. Tusilinde usafi kwa kumnyima muuguzi maarifa ya kuwatunza.

Basi tunashauri hivi:

Kwanza, tufunge tovuti chafu zinazojulikana, moja moja, si maneno. Filamu zizuiwe saa za kazi.

Pili, mtandao wa wageni utengwe na ule wa kazi, ili habari za wagonjwa zibaki siri.

Tatu, awepo mtu mmoja anayejulikana, wa mchana na wa usiku, mwenye ruhusa ya kufungua ukurasa uliozuiwa kimakosa.

Nne, tutumie mlango uliokwisha kufunguliwa. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa mpango wa Hinari, linawapa wahudumu wa nchi kama yetu majarida ya kitabibu. Neno la siri hupewa taasisi kwa ajili ya watu wake. Lisibandikwe ukutani, lakini lisifungiwe pia katika meza ya mkurugenzi.

Tano, tuweke akiba. Yusufu alijaza ghala miaka ya shibe, kabla njaa haijafika (Mwanzo 41). Mwongozo wa matibabu wa MSF unapatikana bure kwa Kifaransa, na programu ya Kiwix inasoma Wikipedia bila mtandao. Siku mtandao ukiwapo, tuvipakue kwenye kompyuta ya maktaba na simu za wauguzi, ili siku ukikatwa mgonjwa asikose msaada.

Wachungaji na wazee, katika kikao kijacho cha kamati ulizeni: chujio letu linafunga nini? Waulizeni wauguzi wa zamu ya usiku, wao wanajua. Bwana atupe hekima ya kulinda bila kuzuia uponyaji.