Istilahi za Kuhakiki Riwaya za Ajabu

Mhakiki akikuta mfu anayesema, aghalabu huandika "riwaya ya kutisha" akaenda zake. Istilahi hiyo haitoshi. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu anafufuka na kumkabili mjukuu wake. Mwalimu wa Songea hatakosa kuwakumbuka mahoka wa Wangoni, yaani wazee waliokufa, ambao jamaa zao huwatambikia. Huogopwa, naam, lakini kama mzazi aogopwavyo na mwanawe. Hapana budi basi tutenge: mzimu uwe roho ya mhenga, na mzuka uwe kitokeacho ghafla, kisicho na ukoo na mtu.

Jina la kitabu nalo lisitupoteze. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni riwaya ya upelelezi.

Ama "bunilizi ya kisayansi", ihifadhiwe kwa kazi ambamo sayansi ndiyo inayosukuma kisa. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi mna chombo cha kusafiria angani, lakini jina lenyewe, wale ni sisi, laonyesha kuwa shabaha ni siasa. Hiyo ningeiita fantasia.