Mrs Brown: malkia mjane na mtumishi wake

Jana nimeicheki Mrs Brown, filamu ya 1997. Stori ni ya kweli: Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert 1861, akajifungia ndani na nguo nyeusi. Aliyemtoa nje ni John Brown, mtunza farasi wa Uskochi, aliyeongea naye bila woga. Wakubwa wakamchukia, maana alimfikia malkia bila kupitia kwao.

Mamdogo wangu alifanya kazi za ndani Masaki. Bosi alipofiwa, yeye ndiye alimbembeleza ale. Msiba ulipoisha, akarudishwa jikoni kama hajulikani.

Brown alikufa 1883. Victoria alipofariki 1901, alizikwa na picha ya Brown mkononi. Je, mamdogo atakumbukwa hivyo? Semeni wadau.